Tatizo Hili ni la Baba wa Nani?

Walimu wenzangu mliobaki na chaki mikononi, siku mliyoniaga mlinipa chupa ya chai, kitenge na hotuba ndefu. Hotuba ilipoisha, mwalimu wa taaluma akanivuta pembeni akasema, "Madamu, tuandikie basi namna ulivyokuwa unafundisha yale mambo magumu." Nikamuuliza mambo gani magumu, hesabu za sehemu? Akacheka, akageuka kuangalia kama mwalimu mkuu anasikia. "Yale ya jamii, Madamu." Haya. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Nyamisangura, sina zamu wala andalio la somo, naandika. Madaraja na mishahara sitagusa, maana nikianza hapo mimi nitapandisha presha na ninyi mtaacha kazi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Nilifika na godoro, ndoo na cheti changu kwenye bahasha. Nikapewa darasa la tano na somo la uraia, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka. Nikafungua kitabu, nikakuta mada ya matatizo ya kijamii, na tatizo la kwanza kabisa lilikuwa msongamano wa magari. Nami nilikuwa mgeni, mtiifu kwa kitabu, basi nikasimama mbele ya watoto wa Ikoma nikauliza nani anajua msongamano wa magari ni nini.

Binti mmoja akasimama. "Ni pale nyumbu wanapovuka barabara, Madamu, gari za watalii zinasimama zote."

"Husababishwa na nini?"

"Mvua."

"Na tufanye nini kulitatua tatizo hili?"

"Tunawasubiri wapite."

Nikampa vema. Tangu siku ile nimehudhuria semina nyingi zenye chai na maandazi, na sijasikia mpango unaotekelezeka kuliko ule.

Wiki iliyofuata nikajiona nimepata akili, nikaamua kufundisha tatizo la hapohapo, ujangili. Nikachora swala kwenye karatasi ya manila, nikamchorea na mtego. Watoto walijibu vizuri mno: ujangili ni kosa, unamaliza wanyama, unaharibu utalii. Nikawa nimejawa na fahari hadi kijana mmoja aliponyoosha mkono na kusema kwa nia njema kabisa, "Madamu, ila kimoro cha nyumbu ukikiloweka kwanza usiku kucha ndiyo kinalainika." Kimoro ni ile nyama iliyokaushwa ambayo kule kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Darasa likaanza kubishana juu ya kuloweka na kutoloweka. Nilipouliza nani nyumbani kwao wanakula, mikono yote ikashuka.

Mchana ule mlezi wangu wa kazi, Mwalimu Mahende, mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, aliniita ofisini. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta, maana kuta za shule ile zilikuwa kwa ajili ya heshima tu. Akaniambia, "Mwanangu, baba wa yule kijana anatega. Baba wa jirani yake wa dawati ni askari wa hifadhi. Kwenye kikao cha wazazi wanakaa benchi moja na kugawana ugoro. Wewe umetaka kuwagombanisha kwa manila." Halafu akanipa kanuni ambayo haikuwa kwenye mtaala wowote: "Usianze kufundisha tatizo la kijamii kabla hujajua ni la baba wa nani." Nikamuuliza nikishajua, nifanye nini. Akasema, "Unafundisha msongamano wa magari."

Nilimpenda sana mzee yule, lakini hapo alinikera. Nimebishana naye kichwani miaka yote ya kazi.

Kutoka Ikoma nikahamishiwa Nyamongo, kwenye mgodi. Kule tatizo la kufundisha lilikuwa ajira kwa watoto, na ugumu wake ni kwamba siku unapolifundisha, wahusika hawapo darasani. Wako kwenye mawe, wanaokota na kuponda kwa wachimbaji wadogo. Nikawa nafundisha ubaya wa utoro kwa wale waliokuja. Jumatatu moja wakaja karibu wote, nikachangamka, nikauliza, "Taja athari za ajira kwa watoto." Mvulana wa nyuma akasimama, akavuta pumzi. "Athari ya kwanza, mtoto anakuwa na simu." Akaitoa mfukoni kuthibitisha. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. "Athari ya pili, mwalimu anamwazima." Nilikuwa kweli nimemwazima Ijumaa, kupiga kwa mratibu.

Hapo ndipo nilipoachana na "taja" na "orodhesha". Mtoto wa kwetu ukimwambia ataje athari, atakutajia kama anavyohesabu vidole, kisha kengele ikigongwa anapanda bodaboda kwenda kwenye mawe. Nikakumbuka kwamba hata wale wasiofungua mdomo darasani, jioni nyumbani wanaijua kesi ya kila ng'ombe aliyeibwa, nani alisema nini kwenye ritongo na nani alitozwa faini. Ritongo ni mkutano wa ukoo wa kuamua mambo mazito, nanyi mliotoka mikoa mingine mmeshausikia. Basi nikawatoa nje, nikawakalisha duara. Nikachukua fimbo iliyokuwa ofisini kwa kazi ile mnayoijua, nikatangaza: mwenye fimbo mkononi ndiye msemaji, wengine kimya. Ilikuwa mara ya kwanza fimbo ile kumfundisha mtu kitu. Walizungumza hadi kengele ya kurudi nyumbani, na yule wa simu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akiwauliza wenzake watafanya nini mawe yakiisha.

Duara lile nikahama nalo hadi kituo changu cha mwisho, shule ya milimani Tarime ambayo sitaitaja jina. Wanaoijua wanaijua.

Kule milimani ugumu ulikuwa mmoja, ukeketaji. Msimu ukikaribia, wazee wa mila wanakutana, wanatangaza, na ikifika Desemba barabara zinajaa nyimbo, mabinti wamefunikwa khanga mpya, wameshikiwa miamvuli, watu wanawatunza pesa. Binti asiyekwenda anaitwa msagane, na jina hilo linamfuata kisimani, kanisani, mpaka akiolewa. Mimi mwenyewe nilipitishwa, na hakuna aliyeniuliza. Naandika mara moja, sitarudia. Sasa mkijiuliza kwa nini sikuridhika na msongamano wa magari, jibu mnalo.

Katika darasa langu la sita kulikuwa na mabinti wawili wa kukumbukwa. Ghati alikuwa na kichwa chepesi ajabu. Madhara ya ukeketaji alikuwa anayamwaga yote bila kupumua, kutokwa damu, maambukizi, shida wakati wa kujifungua, kuacha shule, hata mimi ninayefundisha nilikuwa naachwa nyuma. Robhi alikuwa wa wastani, mzito wa kujibu, ila akishika jambo haliachii. Baba yake, Chacha, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, msemaji mzuri mno. Kila mgeni aliyekuja kupinga ukeketaji, Chacha alipinga kwa sauti kuliko mgeni. Fulana zenye maneno ya kupinga alikuwa nazo za rangi zote, nyingine akipalilia nazo mahindi.

Nilipoanza duara, wiki haikuisha akaja Mzee Matiko. Huyu alikuwa mzee wa mila, mkali, na msimamo wake haukufichwa: mabinti waende, na anayepinga ahame. Alikuja kulalamika kwamba wasichana wameshikishwa fimbo. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Wambura, aliposikia mzee amefika, alikumbuka ana safari ya wilayani. Nikabaki mimi.

"Shikamoo, tata," nikamwambia, yaani baba kwa Kikurya.

"Marahaba. Nani amewaruhusu hawa kufanya ritongo?"

"Ni mchezo wa darasani tu, tata."

Akaangalia duara muda mrefu. Nikaona uso wake unakunjika, nikajiandaa kutukanwa. Kumbe kinachomkera ni jinsi walivyokaa. "Mura, wewe kijana, sogea! Mdogo hakai pale. Anayeshtaki haanzi kukaa, anaanza kusimama. Na fimbo haitupwi, inatolewa kwa mikono miwili!" Alikuja kufuta duara, akaishia kulinyoosha. Akasimama pale hadi jua la mchana, akiwafundisha kila kitu, na jambo alilolirudia hadi likaingia kwenye mifupa ni hili: neno lililosemwa ndani ya duara, fimbo ikiwa mkononi, halirudishwi. "Mkifanya, fanyeni sawasawa," akasema akiondoka, "au msifanye." Kuhusu wasichana kushika fimbo, alisema tu kwamba ameona na hakupenda.

Ikatoka habari kwamba wageni wa shirika fulani wanakuja kabla ya msimu, na wanataka kuona duara letu. Mwalimu Wambura akanisihi tufanye uchafuzi wa mazingira. "Mazingira hayana baba, Madamu," akasema, na mimi nikamkumbuka Mwalimu Mahende nikacheka peke yangu. Lakini wageni walikuwa na bango lao tayari limeshachapwa, la ukeketaji. Basi tukakubaliana kama tunavyokubaliana siku zote. Igizo litahusu kijiji cha kubuni kinachoitwa Amani, na baba wa kubuni anayeitwa Mzee Tamaa. Ghati awe mzee wa kuamua. Robhi awe binti wa kushtaki. Katika kijiji cha Amani kila kitu kingeamuliwa vizuri na tungekunywa soda.

Siku chache kabla, Robhi alinikuta nafuta ubao.

"Madamu, lile la Mzee Matiko, kwamba neno halirudishwi, ni hata kwa watu wazima?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Nimeshamuuliza. Amesema hasa kwa watu wazima."

Akachukua kifutio mikononi mwangu, akamalizia ubao, akaondoka. Nikajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Chacha ameshatenga fahali wa sherehe, na khanga za binti ziko kwenye sanduku la bibi. Nilifurahi, na niliogopa. Sikumwambia mtu.

Siku ikafika. Turubai, viti vya kukodi, wageni na simu zao za kupigia picha. Chacha alikuwa meza kuu, amevaa fulana ya wageni juu ya koti, amejaa fahari. Mzee Matiko alikaa pembeni na wazee wenzake, anaangalia kama watoto wamekaa kwa mpangilio. Igizo likaanza. Ghati akamwaga madhara yote, wageni wakapiga makofi katikati ya sentensi. Zamu ya Robhi ikafika, akapewa fimbo, alitakiwa aseme, "Baba yangu Mzee Tamaa, nihurumie."

Hakusema. Alitembea hadi meza kuu, akapiga goti mbele ya baba yake, akamtolea fimbo kwa mikono miwili.

"Tata, shikamoo. Mimi ni Robhi wako. Desemba hii nimepangiwa kwenda. Naomba ukoo usikie kutoka kwako, ninakwenda au siendi?"

Mtu wa mahali pengine angeuliza kwanza hii ni nini. Lakini mwanaume wa kwetu, mwenyekiti, mbele za watu, akinyooshewa fimbo ya kuzungumza, mkono wake unaipokea kabla kichwa hakijafika. Chacha akaipokea. Akasimama. Simu zote zikamgeukia, na ule utamu wa kusikilizwa ukampanda.

"Binti yangu huyu," akanguruma, "hakeketwi! Na katika kijiji changu hakeketwi mtu!"

Makofi, vigelegele, mgeni mmoja akafuta machozi. Wakapiga picha ya pamoja, wakapanda gari, wakaondoka wakiwahi mvua. Nilisikia baadaye kwamba taarifa yao ilisema jamii imebadilika.

Vumbi la gari halijatulia, soda zinagawiwa, Chacha akawaambia wenzake kwa Kikurya huku akicheka, "Igizo tu lile, mambo yetu yako palepale." Mzee Matiko alikuwa nyuma yake.

"Chacha. Umesema nini?"

"Igizo, tata. Wageni si unawajua."

"Fimbo ilikuwa ya igizo?"

"Tata, ni watoto wa shule!"

"Duara lile nimelipanga mimi. Umesimama, umeshika fimbo, umeulizwa na mtu wa ukoo wako jambo la nyumba yako, ukajibu. Sasa unasema hukusema?"

Watu wakaanza kusogea. Chacha akajaribu kucheka tena. "Wewe mwenyewe, tata, si ndiye unayetaka waende?"

"Ndiyo nataka!" Mzee akapaza sauti mpaka watoto wakaacha soda. "Nilianza kuitetea mila hii wewe hujatahiriwa! Lakini kama neno la ritongo linarudishwa, basi huyo binti unampeleka akafuate mila gani? Hii unayoivunja?" Akawageukia wazee wenzake, wakatikisa vichwa kukubali. "Robhi haendi. Ukimpeleka, hakuna mzee atakayekanyaga kwako, na fahali wako utamla na mbwa."

Nilitaka kumkumbatia mzee yule, na nilitaka kumzaba kibao, yote kwa pamoja. Nikamuuliza kwa adabu, "Na lile la pili, tata? Amesema kijijini hakeketwi mtu."

"Kijiji si mali yake," akasema. "Binti ni wake."

Ghati ndiye aliyeelewa kabla ya watu wazima. Fimbo ilikuwa imeegeshwa kwenye meza kuu. Akaikamata, akageuka mbio kwenda walikokaa wazazi wa kiume, na mimi nikageuka naye. Viti vilikuwa vitupu. Akina baba wote wenye mabinti walikuwa wamekumbuka ng'ombe. Mmoja niliona mgongo wake unapotelea kwenye migomba, soda bado mkononi. Huyo ndiye alikuwa baba wa Ghati.

Mama yake alikuwepo. Alikaa kwenye nyasi na wanawake wengine, mikono mapajani. Ghati akapiga goti, akamtolea fimbo. Yule mama akaitazama, akanyoosha mkono. Mzee Matiko akakohoa, akasema taratibu, "Huyo hapana. Neno la mwanamke halifungi." Mkono ukarudi mapajani. Nilimjia juu mzee siku ile, nikasema mbele ya watu maneno ambayo mwalimu hafundishwi chuoni, na Mwalimu Wambura akaniandikia barua ya kunikumbusha maadili ya kazi.

Msidhani nilikaa tu. Nilikwenda dawati la jinsia polisi, nikataja majina. Walikuja, tena mapema. Nyumbani kwa Ghati walimkuta bibi anaanua mtama. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, na kutoka Sirari kwenda kule ni kuvuka barabara tu. Nilipata namba ya simu ya yule shangazi. Akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha Kenya, "Madam, wewe relax, msichana yuko sawa, ako tu likizo." Nikapiga tena, ikawa haipokelewi. Mama yake nilimkuta kisimani, akaniambia, "Mwalimu, mkono wangu uliuona," akajitwisha ndoo.

Chacha alichaguliwa tena uenyekiti, mkitaka kujua. Sherehe aliifanya ya kumtahiri mwanawe wa kiume, na fahali akaliwa kwa heshima zote. Vikao vya shule akawa anatuma mwakilishi, akiagiza kwanza kuuliza kama kutakuwa na fimbo. Mwaka uliofuata mahafali yetu hayakuhudhuriwa na baba hata mmoja. Mwalimu Wambura akapendekeza duara lisimamishwe kwa sababu linapunguza mahudhurio ya wazazi, na kikao kikaafiki. Niliendelea nalo nyuma ya choo cha walimu hadi nilipostaafu. Kama kuna mmoja wenu anataka, fimbo iko juu ya kabati la vitabu, na kanuni za Mzee Matiko nimewaeleza. Ila hakikisheni baba amekaa, tena mbali na migomba.

Desemba ile ile Robhi alikuwa anakuja kuteka maji kwangu, nyumba ya walimu, kwa sababu kisimani walikuwa wanamwimbia msagane. Siku moja nyimbo zikapita barabarani mbele ya nyumba. Tukasimama dirishani. Katikati ya watu, chini ya mwavuli mwekundu, alikuwepo Ghati, amerudishwa kutoka kwa shangazi, anatembea polepole mno, amepakwa unga usoni. Watu walikuwa wanamtunza. Baba yake alikuwa mbele, anaruka juu kuliko vijana.

Robhi aliangalia hadi walipokata kona. Karatasi za mtihani wa kufunga mwaka, walioufanya kabla ya siku ya igizo, zilikuwa mezani kwangu, nimeshazisahihisha.

"Madamu, lile swali la madhara ya ukeketaji, Ghati alipata ngapi?"

"Alipata yote."

"Na mimi?"

"Wewe ulikosa moja."

Akatikisa kichwa. Akajitwisha ndoo yake, akatokea mlango wa nyuma.